Mwandishi Aliyesahau Riwaya Yake

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiandika maisha ya watu mashuhuri kwa kifupi. Kazi yenyewe ni ya redio moja hapa Mwanza, inasomwa kila Jumapili asubuhi baada ya nyimbo za kwaya. Wanamuziki, wabunge wa zamani, madaktari, watafiti, waandishi, mradi wawe wa Kanda ya Ziwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili niliyestaafu, na nilipopewa kazi hii nilifurahi. Niliona nimepata cha kufanya badala ya kukaa kibarazani nikiwatazama kunguru.

Siku hizi nimechoka. Sijui ni umri au ni kazi. Maisha ya mtu yakishaingia kwenye dakika tano yanafanana na ya mwenzake: alizaliwa kijijini, alitembea umbali mrefu kwenda shule, alifaulu, alitumikia taifa, alistaafu. Mpiga gitaa aliyewahi kujaza kumbi za Nyamagana ananipokea akiwa na magoti yaliyovimba, anataka nimtaje kila mtu aliyewahi kupiga naye. Mbunge wa zamani ananitumia maisha yake yakiwa yameshaandikwa na katibu wake, hata koma hataki niguse. Mama mmoja mtafiti wa samaki, ambaye kwa maoni yangu alifanya kazi kubwa kuliko hao wote, aliniambia kwenye simu kwamba hana la kusema, samaki aliowachunguza ujanani wengi wao hawaonekani tena ziwani. Akanitakia siku njema, akakata. Basi narudi nyumbani, nakaa mezani, nakata hiki, naacha kile, mpaka mtu aenee kwenye zile dakika.

Nilikuwa katika hali hiyo mkuu wa vipindi aliponipigia. Ni kijana, ananiita mama.

"Mama, tumempata mwandishi. Yule wa riwaya ya kivuko. Kumbe bado yupo, anaishi Usagara kwa binti yake."

Nilikaa chini. Riwaya ile niliisoma nikiwa msichana wa sekondari, na baadaye nikaifundisha mpaka ilipoondolewa kwenye vitabu vya shule. Ni hadithi ya karani wa kiwanda cha kuchambua pamba. Asubuhi moja mke wake anafunga mzigo, anapanda kivuko pale Kigongo, anavuka kwenda upande wa Sengerema, anamwachia mumewe mtoto mdogo wa kike. Karani haulizi mtu. Kila Jumamosi anakwenda kivukoni kutazama wanaoshuka. Katika sura ya mwisho, mvua za kwanza zikianza, mke anashuka na mzigo wake kichwani, na wanatembea kurudi nyumbani bila kusema neno. Nililia nilipoisoma mara ya kwanza. Wanafunzi wangu nao walilia, hata wavulana, ingawa wao walisingizia mafua.

Nilikwenda Usagara nikiwa na nakala yangu kwenye mkoba, imeshonwa upya kwa uzi baada ya gundi kuachia. Nilishuka njia panda, nikapita katikati ya malori na wauza mahindi ya kuchoma, nikaulizia. Nyumba ilikuwa nyuma ya mawe makubwa, ya matofali, imepakwa rangi nusu. Binti wa mwandishi alinifungulia. Ni mtu wa rika langu, muuguzi mstaafu, mrefu, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu.

"Karibu, dada," alisema. "Lakini nikwambie mapema usije ukaona tumekudanganya. Baba hakumbuki."

"Hakumbuki nini?"

"Hakumbuki. Anaongea vizuri, anakula vizuri, atakusalimia kama mtu mzima na akili zake. Ila mambo yamemtoka. Mimi ananiita mama. Anadhani nimeajiriwa kumtunza."

Alisema hivyo bila kupandisha wala kushusha sauti, akaingia ndani kunitengenezea njia.

Mzee alikuwa sebuleni, kwenye kiti kinachoelekea mlango, amevaa koti la suti juu ya fulana. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomfikiria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umetoka Mwanza? Huko mvua imenyesha?"

"Bado, mzee. Nimekuja tuzungumze kuhusu kitabu chako."

Alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akatabasamu kwa adabu. "Umeelekezwa vibaya. Mimi nilikuwa karani wa pamba. Vitabu wanaandika wasomi."

Nilijaribu kwa njia nyingine, nikamuuliza alisoma wapi, alianza kuandika lini. Alijibu habari za mizani na magunia. Mwishowe binti yake alinipa yale niliyohitaji tukiwa tumesimama jikoni: mahali alipozaliwa, shule ya misheni, kazi ya ukarani, kitabu, kustaafu. Nilipouliza habari za mama yake alifunika sufuria.

"Andika alikuwa na mke mmoja," alisema.

Nilikuwa na ya kutosha. Dakika tano zilikuwa zimeshapatikana, ningeweza kuondoka. Lakini nilirudi sebuleni kuaga, na sijui kwa nini, nikatoa kile kitabu mkobani nikamsomea ukurasa wa kwanza. Nilidhani labda kitamwamsha. Hakikumwamsha. Alisogea mbele kwenye kiti, akaegemeza kidevu kwenye mkono, akasikiliza kama mtoto anayesikia hadithi kwa mara ya kwanza. Nilipofika mwisho wa ukurasa nikanyamaza.

"Mbona umeacha?" aliuliza. "Huyo mwanamke anakwenda wapi alfajiri yote hiyo?"

Ndivyo ilivyoanza. Nilimwambia mkuu wa vipindi kwamba mwandishi ni mgonjwa, anipe muda, nikaandika maisha ya daktari mmoja kuziba pengo. Na kila nilipopata nafasi nilikwenda Usagara kumsomea mzee kitabu chake. Miguu yangu haikupenda safari zile. Kuna siku nilifika nimechoka mpaka naona aibu kuomba maji, nikasoma macho yakinifumba. Lakini nani amewahi kumsomea mwandishi riwaya yake, naye akamuuliza itaishaje?

Alikuwa msikilizaji mkali. Kwenye sura ya msimu wa pamba, pale wakulima wanapobishana na karani kuhusu uzito, alicheka mpaka akakohoa. "Huyu mwandishi anayajua mambo ya kiwandani," alisema. "Lazima aliwahi kufanya kazi huko." Kwenye sura ya karani kumsuka mtoto wake nywele, vibaya, halafu kumpeleka shule hivyohivyo, aliniomba nirudie. Nilirudia. Akaomba tena.

Binti yake hakuwahi kukaa nasi. Kila nilipofungua kitabu alipata kazi ya nje: kuku, nguo, maji. Nilidhani anapumzika. Mtu anayemwogesha baba yake, anayemfungia mlango asipotee kwenye barabara ya malori, anastahili kupumzika mwenzake anapokuja.

Siku moja alinisindikiza hadi njia panda. Tulikuwa tumebakiza sura ya mwisho, na nilimwambia hivyo kwa furaha kidogo, nikadhani atafurahi pia. Alisimama.

"Dada, unajua kile kitabu ni nini?"

"Riwaya."

"Ni mama yangu."

Tulikaa kwenye benchi la muuza chai ambaye alikuwa ameshafunga. Alinieleza akitazama barabara. Mama yake aliondoka yeye akiwa mdogo, kweli kwa kivuko, kweli alfajiri. Hakurudi. Aliolewa tena huko Sengerema, akafungua mgahawa, akaishi huko mpaka alipofariki. Riwaya ilipotoka, yeye alikuwa sekondari. Mwalimu wao alisoma sura ya mwisho mbele ya darasa, na darasa zima likageuka kumtazama. Wakati wa mapumziko wenzake walimkumbatia, wakamwambia hongera, mama amerudi.

"Nikafika nyumbani," alisema, "nikaangalia hata jikoni. Nilikuwa msichana mkubwa, nina akili zangu, lakini niliangalia."

Alingoja lori lipite, akaendelea.

"Nilipoanza kazi nikaenda kumtafuta mwenyewe. Nikampata. Alikuwa amekisoma. Watu wa huko walikuwa wanamtania, wanamuuliza kwa mumeo umetoka lini tena. Aliniambia hivi: baba yako alinirudisha bila kuniuliza. Basi. Hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka amekufa. Na baba sikuwahi kumuuliza kwa nini aliandika vile. Alikuwa mkali, huulizi. Nikasema nitangoja azeeke, akizeeka atalainika. Kweli amelainika. Lakini wa kumuuliza hayupo tena."

Nilimwambia naweza kuacha. Sura moja tu, mzee hatajua.

"Usiache," alisema. "Siku ambazo huji anautazama mlango kutwa. Njoo umalizie. Safari hii nitakaa."

Nilikwenda juma lililofuata. Alikuwa amemnyoa baba yake ndevu na kumvalisha shati safi, kama tunategemea wageni. Yeye mwenyewe alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, ungo wa mchele mapajani, akaanza kutoa mawe. Nikafungua sura ya mwisho.

Ni sura fupi. Karani yuko kivukoni, mawingu yamejaa, watu wanashuka na kuku na baiskeli. Anamwona mwanamke mwenye mzigo. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi mbele ya madarasa, sauti yangu inajua yenyewe pa kushuka. Nilipofika pale mwanamke anapokanyaga ardhi, mzee aliinua mkono.

"Simama hapo."

"Kuna nini, mzee?"

"Huyu anadanganya."

"Nani, karani?"

"Huyu aliyeandika. Alikuwa anakwenda vizuri, sasa amechoka, anadanganya. Yule mama hakurudi. Rudi kule mwanzo, pale anapofunga mzigo. Amechukua nini?"

Nilifungua nyuma, nikamsomea. Alichukua nguo zake zote, sufuria aliyopewa na mama yake, na picha ya mtoto.

"Unaona? Amechukua picha ya mtoto. Anayekwenda kurudi anabeba picha ya nini? Mtoto si atamkuta nyumbani?"

Mchele uliacha kusikika kwenye ungo. Sikugeuka.

"Sasa kwa nini mwandishi amemrudisha?" nilimuuliza.

Alifikiri muda mrefu mpaka nikadhani swali limempotea. Nje lori lilikuwa linapunguza mwendo kukata kona.

"Aliona aibu," alisema. "Watu walikuwa wanamuuliza, mkeo yuko wapi, mkeo yuko wapi. Ukiulizwa hivyo kila siku unachoka. Akasema ngoja nimrudishe, wanyamaze." Alikuna shavu lake lililonyolewa. "Na yule mtoto. Labda alitaka mtoto amwone mama yake, hata kwenye karatasi."

Hapo binti yake akaongea. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya muuguzi anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

"Mzee, na huyo mwanamke? Alikosea kuondoka?"

Alimgeukia. Alimtazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama yule anayempa dawa.

"Mama, mtu akiondoka ana sababu yake. Huyo karani ni mgumu. Hukumsikia anavyoongea na mke wake? Hata neno zuri analipima kwanza kwenye mizani."

"Kwa hiyo angefanyaje?"

"Angemwacha huko alikokwenda. Halafu angempeleka mtoto ng'ambo akamsalimie mama yake. Kigumu kipo wapi? Kivuko kilikuwepo."

Akaniambia nifunge kitabu, kimeharibika mwishoni. Akaomba chai.

Binti yake aliweka ungo chini akatoka. Nilimfuata baada ya kidogo, nikamkuta nyuma ya jiko amesimama, mikono ameiweka kiunoni, anatazama ukuta. Nilidhani analia, lakini hakuwa analia.

"Kivuko kilikuwepo," alisema. "Umesikia? Maisha yangu yote. Leo ananijibu, na hajui anamjibu nani."

"Pole, dada."

"Sijui nifurahi au nikasirike. Ningependa kukasirika, ningepata nafuu. Lakini utamkasirikia nani? Yule mzee mle ndani hajafanya kitu. Aliyefanya ameshaondoka." Alifuta uso wake kwa pindo la kitenge ingawa haukuwa na machozi. "Nimechoka, mwenzangu. Ngoja nikaweke chai."

Nilirudi nyumbani nikaandika zile dakika tano. Kabla sijazipeleka nilimsomea binti yake kwenye simu, nikamuuliza kama kuna la kuongeza au kupunguza.

"Andika ya kawaida," alisema. "Yale mengine ni yetu."

Nikaandika ya kawaida. Alizaliwa, alisoma, alikuwa karani, aliandika riwaya iliyopendwa na wengi na kusomwa mashuleni. Nikamalizia kwamba anaishi Usagara na binti yake, anayemtunza. Mkuu wa vipindi alipoisoma alifurahi. "Imenyooka, mama," aliniambia. "Haina kona kona."

Jumapili ile nilikwenda kusikiliza nao. Sikuwahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote niliyemwandika, kwa kawaida huwa nazima redio. Tulikaa watatu sebuleni, mzee akiwa amesogezewa redio karibu na sikio lake zuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kila mtangazaji alipotaja kazi ya pamba.

"Huyo mzee amefanya kazi," alisema. "Bado yupo?"

"Yupo," nilijibu.

"Ana watoto?"

"Anaye mmoja," binti yake alisema.

"Anamtunza?"

"Anamtunza."

"Vizuri," alisema mzee, na akauliza kama kuna viazi.

Nilidhani yamekwisha. Lakini siku chache baadaye binti yake alinipigia, akaniuliza kama ninaweza kwenda nao ng'ambo. Alikuwa ameshapata gari dogo la jirani na dereva. Alihitaji mtu wa pili wa kumshika mzee mkono.

"Unampeleka kwenye kaburi?" nilimuuliza.

"Najipeleka mimi," alisema. "Lakini yeye sina wa kumwachia."

Tulivuka kwa daraja, lile lililochukua nafasi ya kivuko. Wala hatukusimama, gari lilipita tu juu ya maji kama vile ni barabara nyingine yoyote, na kwa muda mfupi tukawa upande wa pili. Mzee alitazama ziwa dirishani, akauliza mara mbili kama nauli imelipwa. Binti yake alimwambia imelipwa.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba ya ndugu wa mume wa pili, limejengewa saruji, jina limefifia. Wenyeji walitupokea vizuri, wakaleta viti. Hakuna aliyeuliza mzee ni nani, na sisi hatukusema. Binti yake alipiga magoti, akang'oa majani yaliyoota kwenye ufa, taratibu, moja moja, akayaweka pembeni. Mimi nilibaki nimemshika mzee kiwiko. Alikuwa mwepesi mno.

"Hapa kalala nani?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Binti yake alisikia. Alijibu bila kugeuka.

"Mama yangu."

Mzee aliutoa mkono wangu. Alivua kofia, akasogea hatua ndogondogo mpaka akamfikia, akaweka kiganja chake begani kwa binti yake kama mtu mzima anavyomfariji mfiwa.

"Pole sana, mama," alimwambia. "Ulikuwa mkubwa alipokuacha?"

"Nilikuwa mdogo."

"Aa. Pole. Pole sana."

Aliendelea kusema pole, na mkono wake haukutoka pale begani. Binti yake aliinamisha kichwa, na safari hii alilia, bila sauti, mabega yakitikisika chini ya kile kiganja. Mzee hakuondoka. Nilijua magoti yake yanamuuma, hawezi kusimama muda mrefu, lakini alisimama mpaka binti yake alipomaliza kulia.

Wakati wa kurudi alilala kwenye kiti cha nyuma kabla hatujatoka Sengerema. Binti yake alimfunika miguu kwa kitenge, akaegemeza kichwa chake dirishani, akafumba macho naye. Sikumwongelesha. Nilihisi uchovu wa mifupa, ule ambao kulala hakuuondoi, lakini haukuwa unanisumbua.

Tulikuwa tumekaribia Usagara mkuu wa vipindi aliponipigia. Kuna daktari bingwa Kisesa, alisema, mtu mkubwa sana, familia imeshakubali, Jumapili ijayo iko wazi.

"Siyo ijayo," nilimwambia kwa kunong'ona. "Nitakwambia."

"Mama, upo salama? Sauti yako iko chini."

"Nipo na watu wamelala," nilisema, nikaizima simu.